Kinanda Kimegoma: Tafuta Kwanza, Bisibisi Baadaye

Simu nyingi za vinanda hunijia Jumamosi jioni. Wiki nzima kinanda kimelala kanisani kimefunikwa shuka, hakuna aliyekigusa. Mazoezi ya mwisho ya kwaya yakianza ndipo kinapoonekana kibovu. Aliwahi kunipigia mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Uyole, sauti imemkauka.

"Fundi, kinanda kimekufa. Na kesho kuna harusi."

"Pole, mwalimu. Kioo kinawaka?"

"Kinawaka."

"Chomoa waya unaokwenda kwenye mikisa, chomeka hedfoni. Gonga noti yoyote."

Kimya kidogo. "Kinalia."

"Basi hakijafa. Kilichokufa ni waya."

Alikuwa ameshafungua skrubu nne za chini. Angefungua zote ishirini na kitu asingekuta kitu, na kesho yake angekuwa na kinanda kizima kisichofungika. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na bisibisi. Unaanza na hedfoni, hata ile ya bei ndogo ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, maana hiyo hukata tatizo katikati: sauti ikisikika, mara nyingi ugonjwa uko nje ya kinanda, isiposikika, uko ndani ya mashine au kwenye mipangilio yake. Ninachoandika kinahusu vinanda vya kwaya, sinthesaiza za vijana wenye studio za chumbani, mashine za midundo na kibodi za MIDI, yaani zile zinazotuma noti kwa kompyuta au kifaa kingine. Vifaa hivi vinatofautiana bei na sura, ila vinaugua kwa kufanana.

Hakiwaki kabisa

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama inachaji. Unaweza kucheka, lakini nimewahi kusafiri mpaka Igurusi kwenda kuwasha swichi ya ekstensheni.

Soketi ikiwa nzima, mshukiwa wa pili ni adapta, hasa kama siyo ile iliyokuja na kinanda. Geuza adapta usome mgongoni. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kinanda. Ampea zinaweza kuzidi, zisipungue tu. Halafu tazama mchoro mdogo wa kiduara chenye nukta katikati, wenye alama za kujumlisha na kutoa pembeni. Huo unaeleza kama chanya iko kwenye tundu la kati au kwenye chuma cha nje, na hapo ndipo vifaa vingi vinapouawa. Vinanda vingi vya Yamaha vya PSR hutumia volti 12, chanya katikati. Volca za Korg hutumia volti 9, chanya katikati pia. Vifaa vingi vidogo vya Roland na pedali za Boss hutumia volti 9 lakini hasi ndiyo iko katikati. Plagi zake zinaweza kufanana kabisa kwa macho, na mtu akazikusanya zote kwenye droo moja. Andika jina la kinanda kwenye adapta kwa kalamu ya wino mzito, leo hii.

Kama umeshaigeuza kimakosa, usikate tamaa. Vifaa vingi vina diodi ya ulinzi mlangoni. Umeme ukiingia kinyume, diodi hupiga shoti na fyuzi ndogo iliyo kando yake hukatika, bodi ikapona. Hivyo ni vipuri vya bei ndogo.

Mitumba ya Kijapani ina mtego wake. Sinthesaiza zilizotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa volti 100, na za Marekani 120. Umeme wetu ni 230. Mtu ananunua mashine safi ya chuma, anakata plagi bapa, anafunga ya pini tatu, anachomeka. Inatoa moshi kabla hajasikia noti ya kwanza. Soma nyuma, karibu na tundu la umeme, kabla ya kulipa. Ikiwa 100, tafuta transfoma ya kushushia umeme, na hakikisha wati zake zinazidi zile za mashine.

Kinachowaka kisha kikajizima kina mambo mawili tofauti. Kikijizima pale unapoongeza sauti au unapogonga besi nzito, adapta imezidiwa, ampea hazitoshi. Kikijizima baada ya muda wa ukimya, huenda si ugonjwa kabisa. Vinanda vingi vya kisasa hujizima vyenyewe visipoguswa kwa dakika 30. Mahubiri marefu yanatosha. Mchungaji anasema "tusimame tuimbe", mpiga kinanda anagonga, kimya, na macho ya kanisa zima yanamgeukia fundi. Kwenye Yamaha nyingi za PSR-E unashikilia noti ya chini kabisa, ya kushoto mwisho, huku unawasha, na tabia hiyo inaondoka.

Kikiwaka pale tu unaposhikilia plagi kwa pembe fulani, tundu la umeme limepasuka risasi ndani. Hapo ndipo bisibisi inaruhusiwa. Fungua, angalia miguu ya tundu upande wa chini wa bodi, utaona kiduara chembamba cheusi kama nywele kuzunguka mguu mmoja. Pasha moto, ongeza risasi mpya kidogo, basi. Lakini kama mashine ina pawa saplai ndani yake, yaani waya wa ukutani unaingia moja kwa moja bila adapta, usiingize mkono. Kapasita kubwa ya mle inahifadhi takribani volti 325 na inaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomoa. Hiyo mpelekee fundi mwenye mita na mazoea.

Kinawaka, hakitoi sauti

Hedfoni kimya pia? Angalia kama demo, ule wimbo wa mfano uliomo ndani ya kinanda, inalia. Demo ikilia lakini vidole vyako havitoi kitu, ingia kwenye menyu ya MIDI utafute neno "Local". Likiwa Off, kinanda kimeambiwa kisisikilize noti zake chenyewe, kisikilize kompyuta tu. Kijana alirekodi studio akaizima Local, akakirudisha kinanda kanisani bila kuiwasha tena. Sina idadi ya vinanda nilivyoletewa kwa ajili ya neno hilo moja, na kila mara naona haya kutaja bei.

Tazama pia kama kuna pedali ya sauti imechomekwa nyuma. Pedali hiyo ikiinuliwa kisigino chini, sauti ni sifuri.

Sasa kinyume chake: hedfoni zinalia, spika za kinanda chenyewe hazilii. Tundu la hedfoni lina swichi ndogo ya bati ndani. Ukichomeka, bati linasukumwa na spika zinakatwa. Ukichomoa, bati linatakiwa lirudi. Vumbi la Septemba likiingia humo, bati linagusa uchafu badala ya chuma, na kinanda kinaamini hedfoni bado zipo. Chomeka na uchomoe mara kumi na tano kwa haraka. Ikisaidia hata kwa nusu saa, umepata jibu: spreyi ya kusafishia kontakti, kidogo tu, kisha rudia kuchomeka. Tafadhali usiweke ile spreyi ya kulegeza boliti zilizoshika kutu. Inaacha mafuta, mafuta yanakamata vumbi, baada ya miezi miwili una tope.

Sauti nyembamba, kama imepoteza tumbo

Hili linawachanganya hata wazoefu. Kinanda kinalia, lakini piano imekuwa ya bati, besi haipo, na ukicheza wimbo kutoka kwenye simu sauti ya mwimbaji imeyeyuka inabaki mwangwi wake. Angalia waya. Kama umetoka kwenye tundu la hedfoni kwa waya wa jeki yenye mistari miwili na kuingia kwenye tundu moja la mikisa, umefanya hesabu ya kutoa bila kujua. Tundu hilo la mikisa linatarajia sauti ile ile mara mbili, moja imegeuzwa, na kazi yake ni kutoa moja kwa nyingine ili kelele zife. Wewe umeipa kushoto na kulia. Chochote kinachofanana pande zote mbili, yaani besi, mwimbaji na katikati ya piano, kinajifuta chenyewe.

Tumia waya unaogawanyika mara mbili uingie chaneli mbili. Au toka kwenye tundu la nyuma lililoandikwa "L/Mono", peke yake, kwa jeki ya mstari mmoja. Ukitumia lile la R peke yake unapata nusu ya piano.

Noti chache zimekufa, nyingine zinapiga kelele

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, maana noti zenyewe zinakwambia ugonjwa kama unajua kuzisoma.

Chini ya kila noti kuna kipande cha raba chenye vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Ukigonga, kidoti cha kwanza kinagusa bodi, halafu cha pili. Kinanda kinapima muda uliopita kati ya miguso hiyo: muda mfupi, umegonga kwa nguvu, muda mrefu, umegonga taratibu. Kidoti kimoja kikichafuka, kinanda hakina cha kupimia. Kingine kitanyamaza, kingine kitapiga kwa nguvu zote hata ukigusa kama unapapasa mtoto. Kwa hiyo noti inayopayuka na noti iliyokufa mara nyingi ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Kabla ya kufungua, gonga noti zote moja moja kutoka kushoto kwenda kulia na andika zilizo mbovu kwenye karatasi. Kama zimetawanyika bila mpangilio, tatu hapa, moja kule, ni uchafu. Kama zimefuatana nane, au kila ya nane ni mbovu (kwa mashine nyingine ni sita, kwa nyingine kumi na mbili), acha habari ya uchafu. Kinanda hakina waya mmoja kwa kila noti. Kinazisoma kwa mafungu kama bustani yenye matuta na mistari, na tuta zima likikauka ujue maji yamekatika juu, siyo kwenye mche. Tafuta utepe wa nyaya uliochomoka nusu, mstari wa shaba uliolika, au diodi. Mara nyingi utepe ndio umelegea kwa safari ya bodaboda.

Uchafu wenyewe unategemea kinanda kinaishi wapi. Kutoka Mafinga huja na unga wa mbao, mwepesi, mkavu, unatoka kwa brashi. Kutoka Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, naletewa bodi zenye ukungu wa kijani na skrubu zilizoshika kutu. Kutoka Kyela ni mchanga na jasho la vidole. Na kila mahali, mende. Mende wanapenda ujoto wa kinanda kinachoachwa kimechomekwa, na kinyesi chao kinapitisha umeme kiasi cha kugonga noti ambayo hakuna aliyeigusa. Kwaya moja walishaanza kuifanyia maombi.

Kufungua kwenyewe: laza kinanda kifudifudi juu ya blanketi. Chukua kadibodi, chora umbo la kinanda, na kila skrubu unayotoa ichomeke kwenye mchoro mahali pake pale pale. Zinatofautiana urefu. Skrubu ndefu ukiirudisha kwenye tundu fupi inatokea juu, na nimeona moja iliyotoboa kioo. Piga picha kila hatua. Noti nyeupe hutoka kwa mafungu ya oktavu, nyeusi peke yake, na hazirudi kwa mpangilio mwingine wowote.

Vipande vya raba vivue taratibu, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kausha mpaka kukauka kweli. Kwa Mbeya ya Julai hiyo ni siku nzima ndani ya nyumba, siyo saa moja. Bodi ifute kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa isopropili, ile ya asilimia 99 ukiipata. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa inaweza kuwa na mafuta na rangi, na sanitaiza ya jeli huacha utando, usiziguse hizo. Pamba ipite mara mbili tatu, nyepesi. Vidoti vyeusi vya bodini ni kaboni iliyopakwa. Ukivisugua kwa msasa ili ving'ae, umevimaliza.

Kimepanda nusu, kimeshuka nusu

Kwaya inaanza kuimba, kinanda kiko juu yao kidogo, watu wanatazamana. Vinanda vya kidijitali havipotezi toni kwa baridi wala kwa uzee. Sauti yao inaongozwa na kioo cha kwatzi kinachohesabu muda. Kwa hiyo ikiwa kinanda cha kwaya kimetoka kwenye toni, mtu amegusa kitu. Angalia transipozi kwanza, ile ya kuhamisha toni ya kinanda kizima. Mpiga kinanda aliyejifunza kwenye C peke yake huipandisha kila wimbo na kuisahau. Angalia tyuni kuu, inatakiwa isome 440. Angalia gurudumu la kupinda sauti lililo kushoto: limerudi katikati kweli? Uchafu ndani yake unaiacha sauti imepinda robo noti, na ukiligusa inabadilika. Kuzima na kuwasha bila kugusa gurudumu hutosha kwa baadhi ya mashine.

Sinthesaiza za analogi ni kizazi kingine kabisa. Humo toni inaendeshwa na volti: mara nyingi volti moja kwa oktavu, maana yake kutoka noti moja hadi jirani yake ni milivolti 83 tu. Joto la chumba likibadilika, sakiti zinabadilika nalo, na milivolti nane zikipotea sikio zuri limeshasikia. Rafiki yangu wa Iringa alinipigia alfajiri moja ya Juni. Kabla hata ya "kamwene" alianza kulalamika kwamba analogi aliyoitumia pesa za mahindi yote imeharibika. Studio yake ni chumba cha bati kisicho na dari. Nikamwambia awashe, aende akanywe chai, arudi baada ya nusu saa ndipo atyuni. Hajawahi kulalamika tena, ila sasa analalamikia bili ya umeme.

Baridi ina hila ya pili. Mashine iliyosafirishwa usiku nyuma ya gari kutoka Makete au Njombe ikaingizwa ukumbini kwenye watu mia mbili wanaopumua, inatoa jasho ndani kama chupa ya soda. Usiiwashe. Iache ndani ya begi lake, begi likiwa limefungwa, mpaka ipate joto la chumba polepole. Saa moja si nyingi.

Mngurumo

Sikiliza kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kila kelele ina sauti yake.

Mvumo mzito wa chini, kama ng'ombe mbali, ni umeme wa ukutani wenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde. Ukitaka kuhakiki, gonga G ya chini kabisa ambayo kinanda kinaifikia. G ya chini ina mizunguko 49 na ile ya oktavu inayofuata 98, kwa hiyo mvumo wa umeme wetu unakaa juu yake kidogo tu. Mvumo huu ukiongezeka unaposhika jeki kwa mkono, nyuzi za nje za waya zimekatika ndani ya jeki. Fungua kifuniko chake, utaziona.

Kelele kali zaidi yenye meno, inayokuja tu laptopu ikiwa imechomekwa chaja, ni mzunguko wa ethi, yaani waya wa ardhi. Kompyuta imeunganishwa na mikisa kwa njia mbili, mara kwa waya wa sauti na mara kwa ethi ya ukutani, na umeme unazunguka humo. Kipimo ni rahisi: chomoa chaja, ibaki betri. Kelele ikifa, umemjua mwizi. Chomeka kila kitu, kinanda, mikisa na laptopu, kwenye ekstensheni moja. Watu wanaogopa kwamba itazidiwa. Plagi ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000, na kinanda cha volti 12 chenye ampea moja na nusu kinakula wati 18. Spika kubwa zenye amplifaya ndani ndizo za kuhesabiwa. Isipotosha, weka DI, kile kisanduku kidogo cha kupitishia waya wa sauti, kati ya laptopu na mikisa, ubonyeze swichi yake ya kukata ethi. Hiyo inakata ethi ya waya wa sauti peke yake.

Kukata pini ya ethi ya plagi ni jambo jingine. Mafundi wengi wanalifanya, kelele inaisha, wanasifiwa. Niliwahi kuitwa kwenye ukumbi ambako mwimbaji akisogeza midomo kwenye maiki anachomwa huku kinanda kikinguruma. Nilipima kwa mita kati ya chuma cha maiki na ardhi: volti tisini na ushee. Pini za mikisa zilikuwa zimekatwa zote na ndani ya soketi waya wa kijani ulikuwa umening'inia, haujafungwa popote. Kapasita zilizo ndani ya vifaa zilikuwa zinavujisha umeme kidogo kwenye mabati, nao ulikuwa unatafuta njia ya kushuka. Njia ikawa mwimbaji. Umeme wa namna hiyo kwa kawaida unachoma tu, hauui, lakini siku kifaa kimoja kikipiga shoti ndani, hakuna kitakachomwokoa mtu yule. Tulifunga waya, na mngurumo ukapungua kwa sehemu kubwa papo hapo.

Kuna majengo ambayo ethi ipo lakini mngurumo huja Agosti na kuondoka Desemba. Fimbo ya ethi imesimama kwenye udongo mkavu. Mwagia ndoo mbili za maji pale ilipochimbiwa, usikilize. Ikipungua, mwambie mwenye jengo aiongeze urefu, maana huwezi kumwagilia fimbo kama mboga.

Mlio wa "tididi-tididi-tiii" ni simu iliyowekwa juu ya mikisa. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya unatoka kwenye USB ya laptopu, na dawa yake ni ile ile ya chaja na DI. Mkoromo unaokuja tu mnapotumia sola ni inveta ya bei nafuu, ambayo wimbi lake la umeme lina kona badala ya kuwa mviringo. Adapta za transfoma haziipendi kabisa. Kelele ya kukwaruza unapozungusha nobu ni vumbi, na spreyi ile ile ya kontakti inaimaliza.

Noti hazikatiki

Umeachia, bado inalia. Kama ni noti zote, tazama pedali. Vinanda vingi hujifunza tabia ya pedali pale vinapowashwa. Mguu wako ukiwa juu yake wakati huo, kinajifunza kinyume: ukikanyaga sauti inakatika, ukiachia inaendelea. Zima, toa mguu, washa.

Kama ni noti moja na kuna kompyuta au kibodi nyingine imeunganishwa, ujumbe wa MIDI wa kuzima noti umepotea njiani. Tafuta "Panic" kwenye programu, au chomoa na uchomeke waya. Kama hakuna kitu kimeunganishwa, rudi kwenye habari za mende.

MIDI na kompyuta

MIDI ni ya 1983 na plagi yake ya pini tano haijabadilika. OUT ya huyu inaingia IN ya yule, kama mdomo na sikio. Nyaya za bei nafuu za kuunganisha MIDI na USB ya kompyuta zina kasoro ya kuandikwa kwa kuchanganya: plagi iliyoandikwa IN kwenye baadhi ya nyaya ndiyo inayotakiwa kuingia OUT ya kinanda. Isipofanya kazi, zibadilishane tu. Upande wa kupokea unatenganishwa kwa mwanga ndani ya chipu, hauungui kwa kukosea. Kisha hakikisha chaneli zinafanana pande zote mbili.

Noti zikisikika mara mbili, kwa sauti ya kuogelea, kinanda kinajipiga chenyewe na kompyuta inakipiga tena. Hapo ndipo "Local" inatakiwa iwe Off. Na ukimaliza, irudishe.

Kuchelewa ni kilio kikuu cha wenye studio za chumbani. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta husubiri lijae, ikiwa 1,024, unasubiri milisekunde 23 kwa kwenda tu. Vidole vinahisi. Shusha hadi 128, ni kama tatu. Sauti ikianza kupasukapasuka, panda hadi 256. Ili kupata picha, kukaa mita tatu kutoka kwenye spika kunakuchelewesha milisekunde tisa, na hakuna mpiga gitaa aliyewahi kulia. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO ya kifaa chako, siyo ile ya kawaida ya kompyuta. Na spika ya bluetuthi ni ya kusikilizia muziki uliokwisha. Inaweza kuchelewa zaidi ya milisekunde mia, hakuna mpangilio utakaoiponya.

Kimesahau kila kitu

Mashine za miaka ya themanini na tisini, mfano Yamaha DX7 ya 1983 au Korg M1 ya 1988, hutunza sauti ulizotengeneza kwa betri ya CR2032 iliyo ndani, volti 3. Ikichoka, kioo kinakuja na herufi za ajabu au sauti zinakuwa za kichaa. Nunua betri, lakini kabla ya kutoa ya zamani tuma sauti zote kwenye kompyuta kupitia MIDI kwa SysEx, ujumbe maalumu wa mashine yenyewe, maana ukiitoa zinafutika. Kwenye baadhi ya mashine betri imelehemewa, haitoki kwa kidole. Weka kishikio cha betri, ili mwenye zamu ijayo asilehemu tena. Vinanda vingi vya siku hizi havina shida hii.

Radi

Kuanzia Novemba mpaka Aprili, chomoa. Siyo umeme peke yake. Chomoa na waya za spika na USB, kwa sababu radi huingia kwa mlango wowote. Ekstensheni yenye taa ya ulinzi haizuii radi ya jirani.

Ukishindwa

Umejaribu yote na bado? Usiniandikie "kimeharibika". Niambie hedfoni zinasemaje, demo inasemaje, noti gani na gani kwa karatasi yako, na nirekodie kelele yenyewe kwa simu. Dada mmoja wa Mwakaleli alinitumia rekodi ya dakika mbili za mngurumo unaokuja na kuondoka, ambao mafundi wawili walikuwa wameshaufungulia sinthesaiza. Niliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nikasikia, nyuma kabisa, friji ya jikoni ikitetemeka na kuanza kazi, na mngurumo ukaingia sekunde ile ile. Nikamwomba ahamishe plagi.